Ekambaram Hakutabasamu

Kiingereza cha Ekambaram hakikutosha hata kugombana nacho, na mwongozaji wa filamu asiyeweza kugombana atafanya kazi vipi? Basi alikuwa akiwaigizia waigizaji wake. Hiyo ilikuwa tabia yake tangu zamani, hata kwa waigizaji wetu wa Kitamil. Hakumwambia mtu "lia taratibu." Alikaa chini mwenyewe, akalia taratibu, kisha akainuka akajipangusa suruali na kusema, "Hivyo." Nimemwona akiwa mjane, mlevi, bi harusi, na siku moja mbuzi aliyekataa kuvuka daraja. Mpiga picha alizoea kuiacha kamera ikizunguka wakati ule ili apime mwanga, na vipande hivyo vyote vilinifikia mimi, Masilamani, niliyemkatia filamu zake tangu sote wawili tuna nywele kichwani.

Filamu zake zilikuwa za bei rahisi, za mashemeji wabaya na mashamba ya kugombaniwa. Watu wa Kodambakkam, mtaa wetu wa sinema, walizitazama, wakalia, wakasahau. Kisha kampuni moja ya London ikaona mojawapo, ile ambayo mama anamzika mwanawe kwa macho makavu, ikamwita aongoze hadithi ya mchungaji kondoo wa Uskoti na wanawe wanaomchukia. Waigizaji wote Wazungu. Uskoti yenyewe ingekuwa Kotagiri, kwenye milima yetu ya Nilgiri, kwa sababu ukungu ni ukungu na mafundi wetu ni wa bei poa. Ekambaram hakujali sababu. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na tisa, na alitaka jambo moja tu: jina lake litokee mwanzo wa filamu ile, peke yake, kwa herufi kubwa, London.

Siku ya kwanza alifika kama kawaida yake, shati jeupe lililopigwa pasi na mkewe Visalakshi, na mistari mitatu ya jivu takatifu kwenye paji la uso. Alimwigizia mwigizaji mmoja wa kike jinsi ya kubeba ndoo kwa hasira. Yule mama akacheka, naye Ekambaram akacheka naye. Baadaye kijana mmoja wa kampuni akamuuliza kwa heshima kama lile jivu ni dawa ya ngozi.

Kesho yake alikuja na paji tupu.

Visalakshi alipanda basi hadi Kotagiri kumletea murukku, vile vitafunio vya kukaanga, na sweta. Alimtazama usoni kabla hata hajaweka kikapu chini.

"Jivu liko wapi?"

"Jasho limelitoa."

"Jasho? Kwenye baridi hii ya kuvunja meno?"

"Visala, hapa ni kazini. Usinianze mbele za watu."

"Watu gani? Masilamani ni mtu? Kaka Masilamani, wewe ni mtu?"

"Mimi simo, shemeji," nikasema.

"Miaka yote sijamwona huyu mwanamume ametoka nyumbani na paji tupu. Hata siku ya kuosha maiti ya baba yake alipaka. Leo anawaonea haya watu wanaokula nyama ya ng'ombe asubuhi!"

Ekambaram alichukua murukku moja, akaitafuna huku anatazama milima. Mama wa watu akarudi na basi la jioni, na nilimkasirikia rafiki yangu, ila sikumwambia. Ungemwambiaje? Alikuwa akilala na kuamka na ile filamu kama mtu anayeuguza mtoto.

Ikafika siku ya jeneza. Baba mchungaji amekufa, wanawe wanamtazama. Aliyeigiza baba alikuwa mzee Pickersgill, mtu mnene, mpole, mpenzi wa kahawa yetu kuliko hata sisi. Alilala vizuri, lakini Ekambaram hakuridhika. Alitaka maiti iliyokufa na kinyongo. Neno la kinyongo kwa Kiingereza akalikosa. Akamwomba mzee atoke, akapanda mwenyewe, akalala, akakunja midomo kidogo tu. Alikuwa amekufa pale. Hata mimi niliyemjua niliingiwa na baridi.

Sasa, kwetu mtu aliyelala maiti mbele ya kamera hainuki hivi hivi. Kamera huachwa izunguke, yeye afumbue macho, aitazame, atabasamu, kifo kijue ulikuwa mchezo tu. Kisha boga lipasuliwe kuondoa mkosi, na kazi iendelee. Nyota mkubwa hufanya hivyo, na mzee wa kulipwa kwa siku hufanya hivyo. Ponnusami, fundi wetu wa kuwapaka waigizaji poda, alikuwa ameshasimama na boga mkononi.

"Tabasamu, bosi," akanong'ona.

Ekambaram alifumbua macho, akawaona Wazungu wamemzunguka. Akainuka na uso ule ule.

"Ondoa boga lako."

"Bosi, tabasamu tu. Sekunde moja."

"Hawa wametoka London kuja kunitazama napasua maboga? Mimi ni mganga? Ondoa!"

Mzee Pickersgill akalala, akafa kwa kinyongo barabara. Alipotoka aliuliza lile boga ni la nini, na Ponnusami akamweleza kwa mikono na maneno matatu. Yule mzee hakungoja kuambiwa mara mbili! Alirudi jenezani mbio, akaomba kamera iwashwe, akatabasamu hadi meno ya bandia yakaonekana, kisha akalipasua boga mwenyewe kwa furaha ya harusini. Wote walipiga makofi. Ekambaram aliwasha sigara akatazama kando.

Kabla mvua hazijakatika alianguka kwenye ngazi za hoteli na sigara mkononi, na hakuamka. Daktari alisema moyo ulikuwa mbovu miaka mingi, na kwamba Ekambaram alijua. Mimi namwamini daktari. Nayaeleza haya ili msinifanye mjinga.

Kampuni ilimleta mwongozaji wao kumalizia. Jina la Ekambaram likaja kuwekwa mwishoni, baada ya madereva, watu wakiwa wameshasimama kutafuta viatu vyao. Mpaka leo likinijia, nashindwa kula.

Msibani Ponnusami hakuweza kuuzuia mdomo wake. Siku chache baadaye Visalakshi alikuja kwenye chumba changu cha kukatia, bado macho yamevimba.

"Kaka, ile picha ya jeneza unayo?"

"Mabaki ya kupimia mwanga ninayo."

"Nionyeshe alipotabasamu. Ponnusami anasema hakutabasamu, lakini Ponnusami alikuwa kabeba boga, ataona nini? Labda alitabasamu kidogo. Alikuwa na tabasamu dogo, wewe unalijua."

Nilimwambia aje kesho. Nikaitazama ile picha kila namna, na hakutabasamu. Basi nikafanya kazi niliyosomea. Nikatafuta kwenye mabaki, nikapata kicheko chake cha siku ya ndoo, uso karibu, shati jeupe lile lile, ukungu ule ule. Nikakiunga baada ya jeneza. Nimeunga mikanda tangu ujana, na sikuwahi kuunga vizuri kama vile. Nililia nikiunga.

Akaja, akakaa. Nikazima taa.

Ekambaram amelala. Midomo imekunjwa. Anafumbua macho. Kisha yuko karibu, anatucheka, meno yote nje.

Visalakshi aliisogelea picha.

"Ana jivu," akasema.

Nikatazama. Mistari mitatu, myeupe, wazi kabisa. Jenezani paji tupu, kwenye kicheko paji lina jivu. Mimi ambaye ningegundua kifungo cha shati kilichofunguka hadi nyuma ya umati sikuiona, kwa sababu nimeona jivu kwenye paji la mwanamume kila siku ya maisha yangu, na macho yangu yameacha kuliona.

"Shemeji, nisamehe."

"Kata hapo," akasema, akionyesha kidole pale nilipounga. Hakulia. "Huyu mwenye jivu ni wangu, nampeleka nyumbani. Yule mwingine wapelekee Waingereza."

Nikachukua mkasi.