Birika la Ghorofa Mbili

Barabara kuu ile ya zamani, iliyokanyagwa na misafara kabla haijaijua lami, haikosi vituko pale mjini: simba wa saruji mwenye sikio moja, kiatu kikubwa mlangoni kwa fundi viatu, na birika la chuma lenye urefu wa ghorofa mbili. Wageni hushuka kulipiga picha, shingo zikiwauma kwa kutazama juu.

Birika lilijengwa na mchomeleaji mmoja kwa mapipa machakavu, miaka tisa, kila jioni baada ya kazi. Binti yake ndiye aliyerithi karakana, na kwa mkono safi alimshinda baba, hilo halina ubishi. Mishono ya birika, pale vipande vilipochomelewa pamoja, ilimtia aibu: imepinda, imevimba.

"Baba unachomelea kama unapaka uji," alikuwa akimtania, na mzee akicheka mpaka kikohozi kimshike.

Mzee akafa. Barabara nayo ikaanza kupanuliwa. Amri ikaja: birika lihamie ng'ambo ya barabara kabla ya Ijumaa, la sivyo likatwe liuzwe kama chuma chakavu. Mwendeshaji wa kreni alilizunguka mara moja, akaguna.

"Dada, hii kitu ikifunguka hewani itaua mtu. Siinui mpaka fundi aniambie viungo vimeshika."

"Fundi tumeshamzika."

"Basi fundi ni wewe."

Binti akachukua nyundo, akaingia kwa kimlango cha chini ambacho yeye hakuwahi kukipita. Alinuia kugonga na kusikiliza, maana kiungo kizima huitika na kibovu hukaa kimya. Akawasha tochi, akasahau kugonga.

Kila mshono ulikuwa umerudiwa kwa ndani. Ulilala sawasawa kama nywele zilizosukwa, safu kwa safu, hadi juu kabisa kusikofika jicho la mtu. Kumbe kule nje mzee alishikiza tu. Kazi yenyewe ilikuwa humu gizani. Kisha akatafuta pa kutokea moshi wa kuchomelea. Juu palikuwa na mdomo wa birika peke yake, mwembamba usiopitisha ngumi. Miaka tisa baba alivuta moshi wake mwenyewe humu, na nyumbani kwa kikohozi chake walilaumu sigara.

Aligonga viungo vyote, kimoja baada ya kingine. Vyote viliitika. Akatoka macho mekundu.

"Inua."

Mafundi wa barabara ile wana mila yao: chuma kikinyanyuliwa, aliyekichomelea husimama karibu kuliko wote. Watu waliporudi nyuma, binti alisogea mbele.

"Dada, toka hapo! Hujachomelea wewe!" mwendeshaji wa kreni alipaza sauti.

"Najua," alisema. "Ni kazi ya baba. Mwenyewe hayupo, nasimama badala yake."

Birika likaachana na ardhi, likaning'inia juu ya lami, zima, bila hata kiungo kimoja kulia. Mji mzima ulishika midomo. Yeye alisimama chini yake, uso juu, akilia bila kujificha.