Zuena na Kofia Zilizoleta Chunusi

Jepkorir aliiweka kofia mezani ikiwa imegeuzwa ndani nje. Ni naibu wa mwalimu mkuu katika shule ya wasichana iliyo juu ya Saboti, na siku hiyo alikuwa ameteremka mpaka Kitale kuileta mwenyewe.

"Mama Abdi, hebu angalia hapa." Alionyesha ukingo wa mbele, ulioingia weusi na kung'aa. "Wasichana wangu wamejaa chunusi kwa paji la uso. Wazazi wananipigia simu kila siku. Ati umetumia uzi mbaya."

Mama Abdi huyo ni Zuena Muhdhar, mwenye umri wa miaka arobaini na minne, ambaye hufuma sweta na kofia katika chumba kilicho nyuma ya soko la Kitale. Mwezi wa tano mwaka jana aliipelekea shule hiyo kofia sitini na mbili za kidato cha pili, zile za kubana kichwa ambazo huku zinaitwa marvin. Ilikuwa kazi yake ya kwanza ya shule. Walimu wa eneo hilo huulizana kuhusu mafundi, na fundi aliyekataliwa na shule moja hujulikana kwa nyingine kabla wiki haijaisha. Jepkorir alimpa muda hadi siku ya kufunga shule, mwanzoni mwa mwezi wa nane. Nyuso zisipopata nafuu, kofia zote zingerudishwa, na yeye asingefumia shule hiyo tena.

Zuena hakuutetea uzi wake. Aliomba tu aruhusiwe kuwaona wasichana.

Jumatatu iliyofuata, saa kumi na mbili unusu asubuhi, alisimama mbele ya gwaride akiwa na daftari. Ukungu ulikuwa bado umefunika paa za mabweni. Aliwapitia wasichana mmoja mmoja, akiwaomba wavue kofia. Arobaini na mmoja walikuwa na chunusi, na karibu wote walikuwa nazo mahali pamoja: mstari juu ya nyusi, pale ukingo wa kofia unapokaa. Mashavu yao yalikuwa safi. Aliandika hivyo, kisha akamgeukia msichana mmoja aitwaye Nelima.

"Asubuhi unajipaka nini?"

"Mafuta ya kukamulia."

"Yale mazito ya kupaka chuchu za ng'ombe?"

"Si kila mtu anapaka, mama? Baridi ya huku itakupasua uso, bana."

"Huyu ndiye amezidi," mwenzake akadakia. "Nzi akitua kwake anateleza."

"Nyamaza wewe, na ni kopo langu unachovyanga!"

Zuena alisubiri kicheko kiishe. "Na kofia mnafua lini?"

Nelima ndiye aliyesema ukweli: kofia ikifuliwa Jumapili haikauki mpaka Jumatano, na asiye na kofia gwarideni anaadhibiwa. Tangu zigawiwe, hakuna hata moja iliyokuwa imeona maji.

Kisha Zuena alijaribu kupenyeza kidole chini ya ukingo wa kofia ya Nelima. Hakikuingia. Wasichana wa shule hunyoa nywele, na yeye, akiogopa kofia zisiwateleze, alikuwa amezibana kupita kiasi. Hilo halikuwa kosa la baridi wala la mafuta. Aliliandika pia, kwa wino uleule.

Alichofanya baadaye kinaonyesha ni fundi wa aina gani. Kila asubuhi alijipaka mafuta ya kukamulia upande wa kushoto wa paji lake tu, akavaa kofia nyingine aliyoifuma kama zile chini ya mtandio, akafanya kazi hadi adhuhuri bila kuivua wala kuifua. Majirani walimuuliza kama amerudi shule. Siku ya kumi na moja, upande wa kushoto ulikuwa na chunusi saba, wa kulia mbili. Jaribio la mtu mmoja halithibitishi mengi, na yeye hakudai zaidi. Alichotaka ni kujua aanzie wapi.

Suluhisho alilipata Bungoma, nyumbani kwao karibu na msikiti, alipomtembelea dadake mkubwa, Sumeya.

"Mama yetu angekuona angekuchapa," Sumeya alisema akimkodolea macho pajini. "Umesahau ile kofia ya pamba ya ndani ya mtandio? Si alikuwa anatuvua kila jioni anazifua, tulie tusilie?"

"Sijasahau. Ni vile sikuwahi kufikiria ni ya nini."

Zuena alirudi Kitale, akazichukua kofia shuleni na kufumua kingo zote sitini na mbili. Alizifuma upya zikiwa na nafasi ya kidole kimoja. Kisha alikata shuka kuukuu za pamba, zilizolainika kwa kufuliwa, akashona vitambaa vyembamba vya kufungwa kwa vifungo ndani ya ukingo, viwili kwa kila msichana. Kimoja kikivaliwa, kingine kinafuliwa jioni kwa sabuni ya mche, kinasuuzwa mpaka maji yawe meupe, na kufika asubuhi kimekauka hata ndani ya bweni.

Masharti aliyowapa wasichana yalikuwa machache. Mafuta ya kukamulia yabaki kwa mikono na miguu. Kofia ivuliwe mkiingia darasani, na uso uoshwe. Msiazimane kofia. Msitumbue chunusi.

Siku ya kufunga shule alikuja na daftari lilelile. Kati ya wale arobaini na mmoja, thelathini na watatu walikuwa wamepona au chunusi zao zinafifia, akiwemo Nelima. Sita hawakuwa wamebadilika. Wawili hali yao ilikuwa imezidi kuwa mbaya, na chunusi zao zilikuwa zimeshuka hadi kidevuni na mgongoni.

Jepkorir aliangalia hesabu akatabasamu. "Inatosha. Kofia zinabaki."

"Bado, Mwalimu. Hawa wawili wasivae kabisa. Wafunge kitambaa cha pamba, na wapelekwe kliniki. Hii yao si kofia peke yake, na mimi si daktari."

"Sasa mama, ungenyamaza tu! Si nimeshakubali?"

"Nikinyamaza wataendelea kuumia, na watasema ni kofia yangu. Na sehemu yake itakuwa kweli."

Jepkorir alivuta karatasi. Kisha aliandika ruhusa mbili za kutovaa kofia na barua ya kliniki, akazipiga muhuri. Alipomaliza alimuuliza Zuena kama angeweza kufumia kidato cha kwanza pia.

"Naweza," Zuena alisema, "lakini safari hii sifumi kabla sijapima kila kichwa."

Jepkorir alitoka kwenda kuwaita wasichana wa kidato cha kwanza waje kupimwa, kabla hawajaondoka na mabegi yao.