Nyumba Niliyoipaka Kijani

Kazi yangu ni kukagua nyumba zilizopigwa na mvua na kusema ipi itaanguka. Nilisomea ujenzi Lubumbashi, na ofisi moja hapa Kolwezi ikanichukua kwa sababu kila msimu kuta zilikuwa zinaua watu. Nilitembea na timazi ya kupimia wima wa ukuta, rula na makopo mawili ya rangi. Nyekundu maana yake watu watoke. Kijani maana yake wabaki.

Mwaka mmoja nilianzia mtaa wa Kasulo, ambako watu walikuwa wamechimba kobalti chini ya vyumba vyao wenyewe. Upepo wa mvua ya kwanza ulikuwa umeng'oa mabati mtaa mzima. Nilifika kwa tata mmoja, kama tunavyomwita mzee huku kwetu, mfanyakazi wa zamani wa mgodi, mtu wa asili ya Kasai aliyeishi peke yake. Ukuta wake wa nyuma ulikuwa na ufa wa kuingiza kidole. Nilibandika kipande cha kioo juu ya ufa kwa saruji, kwani ukuta ukisogea hata kidogo, kioo huvunjika. Kesho yake nilikikuta kimepasuka. Nikamuuliza kuhusu shimo lake. Alisema lilishuka wima chini ya chumba cha kulala, halikwenda popote, na alishaacha kuchimba. Nikaandika hivyo hivyo.

Nilipochovya brashi kwenye nyekundu, alinipiga ngumi ya taya. Nilipoanguka akanipiga mateke ya mbavu, moja baada ya jingine, kama mtu aliyepewa kazi aimalize. Aliyenitoa chini yake ni jirani, mjane aliyeuza samaki wakavu. Alikuja na sufuria ya maji yaliyokuwa yakichemka kwa ajili ya bukari, ugali wa huku kwetu, akammwagia mgongoni. Kisha akanisafisha mdomo na kuniomba niangalie na nyumba yake.

Niliiangalia huku nikitema damu. Kuta zilisimama sawa na timazi. Hapakuwa na ufa wala shimo, na matofali yalikuwa ya kuchoma, yamejengwa na fundi anayejua kazi.

"Mi nibaki?" aliniuliza.

"Ubaki, mama."

Nikapaka kijani kando ya mlango.

Wiki iliyofuata, mchana, mvua ilishuka kwa hasira. Nilikuwa barabara ya pili kutoka pale, nimejibanza ukutani, upepo ukipitisha vipande vya mabati juu ya kichwa changu. Maji yote ya mtaa yalikimbilia upande wa yule tata, yakavunja mlango wake na kuingia shimoni. Halafu ardhi ilitoa sauti nzito, nikaisikia miguuni kabla ya masikioni. Nilikimbia. Nyumba ya tata ilikuwa bado imesimama na ufa wake. Ya yule mama mjane ndiyo iliyokuwa imezama, kuta zake nzuri zimeshuka moja kwa moja, paa limebaki usawa wa barabara.

Watu walianza kufukua palipokuwa na mlango. Yule tata alirukia pembe ya jikoni na kuchimba kwa mikono mitupu, akipiga kelele kwamba njia ya chini inapita hapo, wamfuate. Ndipo kila mtu akaelewa. Shimo lake lilikuwa na njia, na njia ile ilikwenda hadi chini ya nyumba ya mjane.

Tulimtoa mama akiwa amekufa, tope limejaa kinywani.

Walimvamia tata kwa mipini ya sepetu. Nilisikia mfupa wa mkono wake ukivunjika. Sitaficha: kwa muda nilisimama nikitazama, mbavu zangu bado zikiuma, na nilitaka waendelee. Kisha kijana mmoja akainua mtaimbo, na mimi nikakumbuka lile swali la mama. Nikaingia katikati yao.

"Mi ndiye nilimuambia abaki," nilisema.

Hawakusikia. Nilirudia, nikapigwa begani. Dada wa marehemu, aliyekuwa amekimbia kutoka Musonoi, alikuwa ameketi topeni na kichwa cha ndugu yake mapajani. Yeye alinisikia. Akawaambia, "Mumuache. Mumoja anatosha."

Tata alipoteza jicho. Mimi niliandikia ofisi kwamba nilipima kuta nikaacha ardhi. Sikufukuzwa, hakuna aliyetaka kazi ile.

Mwezi mmoja baadaye tata alikuja ofisini kwangu na kuomba karatasi. Kwa mkono wake mzima alichora njia zote za chini ya mtaa, zile alizochimba na zile alizosikia wengine wakizigonga chini ya sakafu yake. Nilimuuliza kwa nini alinidanganya.

"Ningesema, mungenitoa mu nyumba," alijibu. "Sikumuwaza yeye."

Kwa karatasi ile nilipaka nyekundu nyumba kumi na moja, nyingi zikiwa na kuta zisizo na ufa hata mmoja. Kwenye nne nilirushiwa mawe. Kwenye moja, mwenye nyumba alininyang'anya kopo na kunimwagia rangi usoni. Nilirudi na askari, familia zikatoka zikinilaani. Tatu kati ya zile nyumba zilizama kabla mvua hazijaisha, zikiwa tupu.

Dada wa yule mama nakutana naye sokoni mara kwa mara. Namsalimu. Yeye hupanga samaki wake bila kuinua uso, nami napita.