Kichupa cha Surua

Muuguzi wa chanjo pale zahanati ana masikio makali kuliko sindano yake. Ukimsalimia kwa lafudhi ya kabila lake, wewe ni "dada yangu" na mwanao anabembelezwa. Ukimsalimia kwa lafudhi ya ng'ambo ya mto, anakunja uso kama kalamba ndimu. Jana mama mmoja wa ng'ambo alifika asubuhi na mapema, mtoto mgongoni, akasalimia. Muuguzi akamjibu:

"Kichupa cha surua ni cha watoto kumi, na kikifunguliwa hakilali mpaka kesho. Sikifungui kwa mmoja. Subiri wenzako."

Alisubiri mpaka mchana, akachoka, akaondoka. Hata getini hajafika, "dada yangu" akaingia na mtoto mmoja, kichupa kikafunguliwa. Jioni muuguzi akatupa kilichobaki, akashusha pumzi.

"Wale wa ng'ambo bwana, chanjo hawaitaki kabisa."