Ukili Wenye Kigugumizi

Harufu ya mninga haizeeki. Wiki iliyopita mjukuu wangu Neema alilivuta sanduku kutoka uvunguni mwa kitanda changu, akafungua kifuniko, na chumba kizima kikanuka karakana ya baba: unga wa mbao, mafuta ya nazi aliyopaka msumeno, na jasho la mtu asiyependa kupumzika. Imepita miaka sitini. Mchwa wamelijaribu sanduku lile mara mbili wakaliacha. Harufu bado imo, kama mgeni aliyesahau kuaga.

Neema alikuwa na barua mbili mkononi. Moja ya chuo cha ualimu cha kanisa, nyingine ya chuo cha ualimu cha serikali, na vyote viwili vilikuwa vinamtaka. Akaniuliza, "Bibi, ungekuwa wewe, ungekwenda wapi?"

Nilicheka mpaka nikakohoa. Mimi, ambaye nikienda gulioni Kibiti naiaga nyumba kama ninakwenda vitani. Mimi niliyesomeshwa na wamisionari miaka michache baada ya vita vya Maji Maji, masomo ambayo kwa wakati ule yalihesabiwa kuwa ya juu, kisha nikarudi mbio nyumbani na sikutoka tena. Kuniuliza mimi habari za kwenda ni kupoteza swali. Tena macho yangu yalikuwa yamekwisha kuingia ndani ya sanduku, yakitafuta kitu ambacho hakimo. Neema nimemsimulia. Sasa na ninyi nawasimulia.

Sanduku hilo baba alilitengeneza kwa ajili ya kaka yangu Danieli, mwaka ule wa vita vya maji.

Baba alikuwa mtoto wa watumwa waliokombolewa, akalelewa na misheni, akafundishwa useremala. Alikuja deltani kupasua mikoko, akamwona mama, Mndengereko wa Umwe, na hapo safari zake zikaishia. Mama alikubali kubatizwa, na alikuwa hafichi kwamba alikubali kwa sababu ya baba na si kwa sababu ya mahubiri yake. Tukajenga karibu na Kibiti. Pale kijijini wote walikuwa Waislamu, sisi tukiwa Wakristo wanne. Jumapili baba alitandika mkeka barazani, Danieli akasoma Kitabu, baba akahubiri, mama akaitikia, na mmoja kati ya kusanyiko akasinzia. Huyo aliyesinzia ni mimi.

Siku za kazi ndizo zilizokuwa ndefu. Wenzangu walikwenda chuoni kwa mwalimu wao kusoma Kurani, nami nilibaki nyuma ya ua nikiwasikiliza wakiimba herufi zao. Kwa kusikiliza tu nilijua Fatiha kabla sijaijua Baba Yetu, jambo ambalo sikumwambia baba. Wakitoka walicheza, na mimi sikuitwa. Hawakunichukia. Walinisahau, kama mtu anavyousahau mti wa jirani. Mwanahawa, binti wa nyumba ya pili, aliniambia siku moja kwa upole kabisa, "Wewe Raheli ni wa misheni, unacheza na watu wa misheni." Nikatazama huku na huku. Mtu wa misheni mwenye umri wa kucheza alikuwa Danieli peke yake, naye alikuwa na miaka kumi na minne na mbao za kupima.

Basi mtaelewa nilivyojisikia waliposema Danieli anakwenda shule.

Shule zilikuwa mbili. Ya misheni, alikolelewa baba, siku nne kwa miguu, na huko wangemfanya mwalimu wa dini. Na ya serikali, bomani, ng'ambo ya mto, ambako dini haikufundishwa hata moja. Huko walitoka makarani. Baba alitaka misheni. Alisema shule isiyoanza kwa sala hajui itaishia wapi. Mama alisema sala mtoto anayo tayari kifuani, asiyokuwa nayo ni miguu ya siku nne. Danieli hakuulizwa. Mimi ndiye niliyekuwa najua alichotaka, maana aliniambia: alitaka hesabu, popote zilipo.

Mjomba, kaka yake mama, alikuja kutoka Umwe akakuta ubishi uko katikati. Alikuwa Mwislamu wa kuswali na kutania kwa kipimo kimoja. Alikaa, akaomba maji ya kunywa, akamwambia baba, "Shemeji, ukimpeleka misheni utarudishiwa padri. Ukimpeleka bomani utarudishiwa karani. Niachie mimi nikurudishie mtu."

Baba alicheka, lakini usiku na mchana alikuwa anaranda mbao za sanduku, na sote tulijua linaelekea wapi. Kulikuwa na sababu ya haraka pia. Jumbe alikuwa anakusanya vijana kulima pamba ya serikali, na Danieli alikuwa amefikia kimo.

Ndipo maji yakafika. Habari ilitangulia, kisha Mjomba mwenyewe akarudi nayo: kuna maji ya dawa huko juu milimani, na anayenyunyiziwa, risasi ya Mjerumani haimwingii. Watu wakaanza kuonekana na mabua ya mtama yamezungushwa kichwani, na shingoni kimwanzi chenye maji ya dawa ndani. Baba alikataa. Danieli akakataa kwa sababu baba amekataa. Tangu siku hiyo watu walipopita mbele ya nyumba yetu walikuwa hawapigi hodi.

Watoto wote wa kijiji walikuwa na vimwanzi, isipokuwa mimi. Walicheza mchezo mpya: mmoja Mjerumani, anapiga risasi kwa kidole, wengine hawafi. Nilisimama uani nikitazama mchezo ambao hakuna anayekufa na sikuitwa hata kuwa Mjerumani. Mjomba alinikuta pale. Alinishika mkono mpaka nyuma ya banda la kuku, akaninyunyizia maji kichwani, akanivika kimwanzi urefu wa kidole. Aliniambia baba yako asijue, atavunja undugu. Nilimuuliza kama Mungu atajua. Akasema, "Mpwa wangu, Mungu hana shida. Shida ni shemeji."

Siku tatu nilicheza. Siku tatu tu, lakini mpaka leo nikipimwa kwa siku za furaha mtazikuta zile zimekaa mbele. Nilikimbia na Mwanahawa, tulikaa chini ya ua tukala kashata moja, akanionyesha kidonda chake cha goti. Kimwanzi changu nilikivaa kila nilipotoka na kukivua kila niliporudi. Uzi wake wa gome ulikatika siku ya kwanza, nikakifanyia mwingine wa ukili.

Hapa lazima niwaambie habari ya ukili wangu. Kila mwanamke wa kwetu anasuka ukili, ule utepe wa miyaa unaoshonwa kuwa mkeka, na mimi nilifundishwa kama wengine, ila mikono yangu ilikataa. Kila baada ya vipande vitatu niliruka kimoja, nikarudi, nikaendelea. Mama aliushika akasema, "Huu ukili una kigugumizi." Nyumba nzima iliutambua. Mkeka wangu ukitandikwa, baba alipitisha kidole juu yake na kusema, "Raheli amepita hapa."

Siku ya nne nikasikia kwamba Danieli anaondoka kesho. Misheni, kama baba alivyotaka. Baba mwenyewe atamsindikiza. Mama alilia waziwazi, akasema njiani kumejaa watu wenye mikuki. Baba akajibu kwamba Bwana yuko njiani vilevile.

Nilikaa mbele ya sanduku lililopangwa tayari. Juu Kitabu, chini yake shuka, kanzu mbili, na mfuko wa chumvi. Nilitaka asiende. Hilo ndilo nililotaka kweli, na kwa kuwa sikuweza kulipata nikataka asife. Nilikitoa kimwanzi mafichoni nikakisukuma mpaka chini kabisa, chini ya chumvi. Asubuhi nikatoka shingo tupu. Mwanahawa aliniangalia shingoni, akageuka. Mchezo ukaendelea bila mimi.

Walirudi baada ya siku kumi na moja. Wote wawili, na sanduku.

Baba alieleza mara moja tu, kwa maneno machache. Siku ya pili walisimamishwa na watu wa maji. Sanduku likafunguliwa, wakakiona Kitabu, na mmoja akainua mkuki. Mwenzake alikuwa bado anapekua. Akaingiza mkono mpaka chini, akatoka na kimwanzi. Wakabishana wao kwa wao juu ya watu hawa wenye vitu viwili. Mwisho wakawaachia, wakawarudishia kimwanzi, wakawapa na muhogo wa njiani. Walipokuwa peke yao baba akauliza nani amekitia. Danieli akasema, "Mimi, baba." Wakakitupa mtoni.

Walipofika misheni baba hakukaa kitini kabla hajasema. Alimweleza padri yote. Padri akamwuliza Danieli kama ni chake, akaitika kuwa ni chake. Padri hakuwa mtu mbaya. Alisema kijana arudi nyumbani mwaka mzima, aimarike kwanza, mlango hautafungwa. Lakini baba aliuona umefungwa. Baadaye vita vilipopoa na njaa iliyovifuata ikapungua, alimpeleka Danieli bomani mwenyewe, akalibeba sanduku lile lile.

Mimi je? Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango nikisikiliza "mimi, baba" ikisimuliwa, na sikusema. Nilingoja nipate nafasi nzuri ya kusema. Nafasi nzuri haikuja, na nilihakikisha haiji.

Jumapili iliyofuata baba alitandika mkeka. Danieli akanyoosha mkono kupokea Kitabu kama kawaida. Baba akampita, akakiweka magotini pangu. Akasema, "Kuanzia leo asome Raheli." Nilikuwa najua kusoma kwa taabu. Nikasoma. Danieli aliinamisha uso, nami niliona masikio yake tu. Kila Jumapili niliyokuwa nyumbani, kwa miaka mingi, niliendelea kusoma, na baba alikuwa na tabia moja: nikimaliza, alikaa kimya kitambo kirefu kabla ya kuhubiri, akinitazama. Nilidhani ananitafutia makosa ya matamshi. Nikajitahidi, nikawa msomaji mzuri sana.

Danieli akawa karani. Katika shule isiyokuwa na sala alisali peke yake, kwanza akichekwa, kisha akizoeleka. Alikaa miji ya mbali, akanifundisha mengi kwa barua, na hakuna barua yake niliyoipokea isiyoanza kwa kumshukuru Mungu. Baba alifariki Danieli akiwa safarini. Nililia kwa ajili ya wote wawili, maana niliamini baba amekufa akidhani mwanawe hakumtegemea Mungu siku ile, na mimi ndiye niliyemwacha aamini hivyo.

Danieli alirudi Kibiti akiwa na mvi, na kifua kimemchoka. Akarudisha na sanduku. Jioni moja, tukimenya maembe mabichi, nikamwambia. Ilinichukua karibu miaka hamsini na nikaisema kwa pumzi moja, bila kuinua macho.

Alicheka mpaka akalazimika kuweka kisu chini. "We Raheli," akasema, "nilikijua kimwanzi chako kabla wale watu hawajakiinua juu. Uzi wake ulikuwa una kigugumizi."

Nikamwuliza kwa nini basi alisema ni chake. Akasema ningepigwa, yeye alikuwa mkubwa, na tena hesabu zilikuwa bomani. Hilo la mwisho alilisema kama utani, na kwa sehemu lilikuwa kweli.

"Na baba akafa hajui," nikasema.

Danieli akaniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto aliyelala ibadani. "Baba ndiye aliyekitupa mtoni. Alikishika kwanza, akapitisha kidole kwenye ule ukili. Taratibu, toka mwanzo mpaka mwisho. Ndipo akaniuliza nani. Nilipojibu ni mimi, alikubali."

Maembe yakanishinda. Niliona kile kimya cha kila Jumapili, na baba ananitazama, na Kitabu magotini pangu. Hakuwa ananipa heshima, wala hakuwa anamwadhibu Danieli. Alikuwa amenifungulia mlango na kukaa kando, wiki baada ya wiki, akingoja niseme mwenyewe. Nami nilimaliza kusoma, nikafunga Kitabu, nikaenda kupika. Watu watatu katika nyumba moja, kila mmoja na siri ile ile, kila mmoja peke yake nayo. Sijui upweke mwingine unaofanana na huo, na nimeujua wa aina nyingi.

Danieli naye amekwishakwenda. Anayesikiliza sasa ni Neema, na baada ya Neema kuondoka nitabaki na kuku.

Nilipomaliza kumsimulia, aliiweka barua ya serikali juu ya ile ya kanisa. Alisema huko kuna hesabu. Sikubisha. Usiku ule sikumwuliza kama atasali. Nilikuwa nimemsikia akisali upande wa pili wa ukuta tangu akiwa na miaka mitano.

Asubuhi nilimpangia sanduku. Shuka, magauni mawili, Kitabu juu. Mikono yangu ilitafuta kitu cha kusukumia chini kabisa, na nawaambia ukweli, ilitafuta muda mrefu.

"Bibi," akasema akiwa mlangoni, "umenitilia nini humo?"

"Sijakutilia kitu," nikamwambia, na nikafunga kifuniko.