Mijakaranda Mitano ya Habarurema

Udongo wa mijakaranda mitano ya avenue yetu, barabara hii ya mtaa wa Keshero, ulitoka mlimani Kibumba. Habarurema aliuteremsha gunia kwa gunia kwa chukudu lake, kigari cha mbao cha magurudumu mawili, kwa sababu huku chini ni mawe ya volkano tu. Zamani alichunga ng'ombe Masisi. Ng'ombe wakaisha vitani, mikono ikakataa kukaa bure.

Kila asubuhi huinama kwenye mashina akitafuta unga wa mbao. Penye unga pana tundu, na ndani ya tundu yumo funza anayekula mti. Huingiza spoku ya baiskeli polepole mpaka ahisi kitu laini, halafu husukuma.

Mwaka huu tulimchagua Célestin kuwa prezida wa avenue. Tulimchagua kwa kuwa ana koti. Sababu nyingine bado naitafuta. Unga ule aliuita uchafu, akaamuru ufagiwe alfajiri, kabla Habarurema hajafika. Kisha, miezi mitatu kabla ya harusi ya binti yake Joviale, akapaka mashina rangi nyeupe ya mafuta. Matundu yote yakazibika.

"Muzee, angalia! Sasa tuko Ulaya."

"Papa prezida, hao wadudu umewafungia ndani na chakula chao."

"Wewe zungumza na wadudu, mimi nazungumza na watu. Mutu asiguse rangi yangu mpaka harusi ipite!"

Siku ya harusi, tukisherehekea hapo avenue, mjakaranda wa pili ukavunjika hapohapo penye rangi, ukaiangukia meza ya soda. Hakuumia mtu.

"Upepo," akasema Célestin.

Shela ya bibi harusi ilikuwa imetulia kabisa. Ndani ya shina funza walijikunja, wanono, weupe kama ile rangi ya mafuta.

"Basi," akasema Célestin, "ukatwe kuni, zipangwe pale chini ya mti wa tatu. Mpishi atazitumia."

"Hapana!" Sauti ile ya Habarurema hatukuwahi kuisikia. "Wakitoka humo wataingia katika ile minne. Zinachomwa leo."

Célestin akatutazama, akingoja tucheke. Joviale akainua gauni, akaenda jikoni, akarudi na kiberiti.

Jumatatu Habarurema alikuwa akikwangua rangi kwa kisu. Kufika saa sita, unga mpya ulikuwa chini ya mti wa tatu. Célestin akapita na koti lake, akauona, akafungua mdomo.

"Papa, usifagie," akasema Habarurema, na kuchukua spoku.