Programu Iliyogoma Kwenye Linux

Mwalimu wa taaluma aliponiuliza mbele ya walimu wenzake kama naweza kufungua akaunti za kidato cha nne kwenye seva ya shule, nilijibu "Ndiyo, mwalimu" kwa adabu tu. Kwetu Vuga mtu mzima humwambii "siwezi" watu wakisikia.

Programu ya kusimamia ile seva inafunguka kwenye Windows peke yake. Kompyuta zote za maabara yetu ni za msaada, zina Linux. Laptop pekee yenye Windows ilikuwa ya mwalimu wa kompyuta, naye alihamishiwa Zirai akaondoka nayo. Seva imefungiwa ofisini kwa mkuu wa shule, na mkuu alikuwa Tanga na funguo zake.

Kutwa nzima nilihangaika na kile kiprogramu cha Linux kinachojaribu kuiga Windows. Dirisha lilifunguka, vitufe vikatokea bila maandishi, halafu likajifunga. Nikarudia, likajifunga tena. Vidole vilikuwa vimeganda kwa baridi na machozi yako karibu. Kesho yake ulikuwa mtihani wa vitendo wa kompyuta wa ujirani mwema, shule zote za jirani siku moja. Asiye na akaunti anapata sifuri, na mimi nimo.

"Bado, mwanangu?" mwalimu wa taaluma aliuliza nyuma yangu.

"Bado kidogo."

Mwishowe akampigia yule mwalimu wa Zirai, akaweka spika, akanisogezea simu. Nikasema shikamoo, nikakwama.

"Marahaba. Sema basi, au umepiga kunisalimia tu?"

Nikamweleza. Akacheka. "Hiyo utahangaika nayo mpaka uolewe. Usiivute programu kwako, ingia kwenye seva kwa mbali, uifungue hukohuko."

Akanitajia nywila. Nikajaribu. Seva ikakataa.

Yule wa Zirai akaguna. "Aa. Njia hiyo niliifunga mwenyewe kabla sijahama, kwa usalama. Mpaka ukae mbele ya seva yenyewe."

Mwalimu wa taaluma akakata simu. Akaniambia taratibu kwa Kishambaa, vile mama anavyonisemesha jikoni, kwamba angejua asubuhi kuwa siwezi, angemtuma mtu Tanga akachukue funguo. Sasa mabasi yameisha.

"Nenda kawaambie wenzako."

Hao ndio wenzangu ambao hata swali la darasani sijawahi kulijibu wakinisikia. Nikasimama mlangoni mwa darasa.

"Fundi huyo," mmoja akasema. "Tukajaribu sasa?"

"Sikuweza," nikasema. Hawakusikia. Ikabidi niseme tena, kwa nguvu.